Nguo za Kulwa na Doto

Doto alinipigia simu nikiwa nachambua mchele kibarazani kwangu hapa Kalangalala. Doto hajui kuongea na simu, anaongea kama mtu anayemwita ng'ombe aliyeshavuka mto. "Mama ameondoka!" Nikamuuliza ameondoka kwenda wapi, maana Mama Kulwa alikuwa na miguu ya safari, leo yuko Masumbwe, kesho umsikie Kahama. Akalia. Alivyolia ndiyo nikaelewa, na ungo ukanitoka mkononi, mchele wote chini, kuku wakala msiba wangu. Kulwa akamnyang'anya pacha wake ile simu. Kulwa sauti yake ndogo, ya mtu wa kwaya, anakuambia habari mbaya kama anakuimbia: "Njoo leo leo. Na ukifika usikae na wageni." Hilo neno la mwisho ndilo lililonitia woga. Misiba ya siku hizi ina karatasi. Kwenye karatasi wanaandika marehemu alizaliwa wapi, aliolewa na nani, ameacha watoto wangapi, na mchungaji anaisoma kwenye spika mpaka mbuzi wa jirani wanajua. Mimi kusoma sijui, lakini kuhesabu najua. Mama Kulwa alizaa watoto wawili. Aliyekuwa anaweza kusimama mbele za watu akasema tuko watatu, na kwa nini, ndiye huyo aliyekuwa amelala kwenye sanduku.

Nikaingia ndani, nikakaa kitandani, nikapandisha kanga nikautazama mguu wangu wa kushoto. Huwa nautazama nikiogopa. Kuanzia chini ya goti mpaka karibu na kifundo una ngozi ya namna mbili. Kuna viraka vidogo vidogo kama stempu, hivyo ni ngozi ya paja langu mwenyewe, na katikati ya viraka kuna ngozi laini inang'aa, nyembamba, kama ile inayokaa juu ya maziwa yakipoa. Mjukuu wangu mmoja ni nesi. Yeye akija hanisalimii mimi, anausalimia mguu. Anaubonyeza, anaugeuza, "Bibi, waliokutibu hawa walijua kazi." Ananiambia siku hizi ule utando niliofunikwa nao kidonda unakaushwa, unatiwa kwenye pakiti, daktari anaukata na mkasi kama kiraka cha baiskeli. Nikamuuliza, hiyo pakiti ina mama mkwe? Kuna bibi anakuja kuidai? Akacheka. Acheke tu. Mimi niliyekuwa nimeuvaa sikucheka.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na saba hivi, napika machimboni, rashi mpya, yaani mahali watu wamekimbilia habari za dhahabu, upande wa Masumbwe. Maturubai matupu, watu kila kabila, na kila mtu anasema kesho anatajirika. Jiko langu lilikuwa jirani na la Mama Zai, mwanamke wa Kigoma, mkarimu, mdomo hauna breki. Asubuhi hiyo nilikuwa nachoma maandazi, karai limejaa mafuta, naye ananihimiza kwa ile sauti yake ya kuvuta: "Dadaaa, mafuta yameiva hayooo, tia!" Mara kwenye duara moja, ndiyo wanavyoita shimo la kuchimbia, mtu akapiga kelele: "Limeshika! Limeshika!" Yaani wamefikia jiwe lenye dhahabu. Wewe umewahi kuona ng'ombe wamesikia harufu ya maji? Wanaume wote wakakimbia, na njia fupi ilikuwa inapita jikoni kwangu. Mmoja akaruka moto wangu. Yeye aliruka vizuri, buti lake halikuruka. Karai likanijia. Na dhahabu yenyewe haikuwepo, lilikuwa jiwe tupu linalong'aa, baadaye wakarudi taratibu, wameinamisha vichwa, wananikuta nimekaa chini natazama mguu kama ni wa mtu mwingine. Mwanzoni haukuuma. Nilisikia harufu ya kukaanga, nikadhani ni maandazi.

Sasa dawa. Machimboni kila mtu ni daktari. Mmoja anasema dawa ya meno, mwingine mavi ya ng'ombe, mwingine ute wa yai. Mama Zai akawanyamazisha wote: "Tokeni hapa! Moto unajulikana dawa yake, asali na manyoya ya sungura!" Kweli kwetu hiyo inajulikana. Akatafutwa sungura, akapatikana kwa mnunuzi mmoja wa dhahabu, akanyonyolewa maskini anatutazama. Nikapakwa asali, nikabandikwa manyoya. Mguu mmoja wa mtu, mguu mmoja wa mnyama. Watu wakaja kunitazama, wakacheka, na mimi nikacheka nao, namwigiza sungura anavyonusa. Nililala kwenye turubai siku nane. Siku ya nane hakucheka mtu. Mama Zai aliingia ameziba pua na upande wa mtandio, akasema, "Kabula mwenzangu, sikufichi. Nzi wamekuja, na leo wamekuja na ndugu zao." Wakanipakia kwenye tela la trekta, na njia nzima nilikuwa najaribu kuchezesha vidole vya mguu nione kama vinanisikia. Viwili havikunisikia.

Hospitali ilikuwa ya misheni, majengo marefu ya bati, harufu ya dawa na ya uji. Daktari alikuwa mwanaume mwembamba, tulimwita Daktari Kidogo, kwa sababu kila kitu kwake ni kidogo. "Itauma kidogo." "Tutasafisha kidogo." Alinisafisha hicho kidogo chake nikang'ata shuka likachanika. Alitoa manyoya moja moja kwa koleo dogo, na kila akitoa anaguna, "Mmh, sungura huyu alikuwa mnene." Alikuwa anatania ili nisitazame. Lakini nilitazama. Nilikoona ni chini ya ngozi, chini ya nyama ya juu, mahali ambapo mtu hatakiwi kuona mwilini mwake. Halafu akatoka nje na Sista Editha, mkunga mkuu, mtawa mzee anayeongea kwa puani, wakasimama nyuma ya mlango wa wavu. Watu wazima wenye akili, wanadhani mlango wa wavu unazuia maneno. Daktari: "Kidonda kimeingia ndani sana. Nikimwekea ngozi ya paja sasa hivi haitashika, itaoza." Sista, kwa pua: "Na ukikiacha wazi?" Daktari: "Nikikiacha wazi wiki mbili, nitakata. Hapa, chini ya goti." Hakusema kidogo.

Kitanda cha mbele yangu alikuwepo mama mmoja wa Bugarama aliyekatwa mguu kwa sababu ya kidonda. Alikuwa akijisahau anashuka kitandani kwa mguu ambao haupo. Nilimwona mara mbili akianguka hivyo, mchana kweupe, na mara zote mbili aliangalia chini ya kitanda, kama umeingia huko. Mimi nikaanza kuhesabu vidole vyangu. Kila saa nahesabu. Nilikuwa mpishi wa machimboni, kazi ya kusimama kutwa nzima na kukimbia watu wakikimbia, na nilikuwa sina kitu kingine chochote duniani zaidi ya miguu hiyo miwili. Chakula kikawa hakipiti. Nilikuwa na woga mpaka meno yananiuma.

Wodi ya wazazi ilikuwa ng'ambo ya korido, choo kimoja. Kila siku alikuwa anapita binti mmoja, Minza, miaka kumi na tisa, tumbo kama amebeba maboga mawili, anashika ukuta. Akifika usawa wa kitanda changu anasimama kupumua. "Dada, huo mguu vipi?" Namjibu, "Unanisalimia mguu, mwenyewe huulizi?" Anacheka ameshika tumbo. Halafu siku moja hakupita. Akajifungua mapacha, kike na kiume, wamewahi, wadogo kama njiwa. Saa hiyohiyo Daktari na Sista Editha wakaja kwangu, wameongozana kama watu wa posa, nikajua kuna jambo.

Daktari akakaa kitandani. "Kabula, kuna utando unaomzunguka mtoto tumboni. Ukichukuliwa safi, ukaoshwa, ukawekwa juu ya kidonda kirefu kama chako, unakuwa kama ngozi. Unazuia vijidudu, unazuia maji ya mwili yasitoke, maumivu yanapungua, na chini yake nyama nzuri inaota. Ikishaota, ndiyo nichukue ngozi ya paja lako." Nikamuuliza, "Na mwili wangu ukiukataa?" Akasema, "Utando huu mwili hauna ugomvi nao. Mtoto mwenyewe ni mgeni tumboni, na mama hamkatai." Damu ya Minza walikuwa wameipima, safi. Nikauliza utando wenyewe unatoka wapi hasa. Sista akatazama dirishani. "Unatoka kwenye kondo la nyuma."

Nikasema sitaki. Nieleweni. Kwetu kondo la nyuma la mtoto halichezewi, linazikwa na wazee wa nyumba, mahali panapojulikana. La mapacha ndiyo usiseme, mapacha wana mambo yao, wana nyimbo zao, wana miiko yao. Na mwanamke akikutwa na kipande cha kondo la mtu mwingine, hakuna anayemuuliza ulikuwa unajitibu nini. Anaitwa mchawi, na akiitwa hivyo hafiki mahakamani. Nilishaona panga linafanya kazi hiyo, sikuhadithiwa. Na mimi mpishi, macho yangu mekundu kwa moshi tangu usichana, na macho mekundu ndiyo wanayoyaita ya mchawi. Macho peke yake yalikuwa yanatosha kuniua, mnataka kuniongezea na kondo? Nikawaambia nikateni mguu. Nikajifunika shuka gubigubi, nalia, na ndani ya shuka nahesabu vidole.

Kesho yake Minza akaja mwenyewe, anatembea kama ardhi ina miiba. Akafunua shuka usoni kwangu. "Dada, nimekwambia utoe wewe? Nimetoa mimi. Watoto ni wangu, mwili ni wangu." Nikamwambia naogopa. Akasema, "Ogopa baadaye. Pona kwanza, halafu utaogopa ukiwa umesimama." Akaondoka, akafika mlangoni akageuka, na sasa na yeye sauti imepungua: "Ila mama mkwe asijue. Huyo tukimwambia, tutazikwa sisi badala ya hilo kondo."

Nikakubali. Sista Editha aliuosha kwenye beseni la bati, maji ya dawa, mara nyingi, anaushika kwa vidole viwili kama mtu anayeanika kitambaa cha altare. Ulikuwa mwembamba, unaona mwanga kupitia humo. Walipoutandaza kwenye kidonda nilisikia baridi, halafu maumivu yakanyamaza kama redio iliyoishiwa betri. Wiki tatu yalikuwa yanapiga kelele mchana na usiku, na sasa kimya. Nikalia tena, safari hii sijui kwa nini. Mapacha walikuwa na utando mwingi, kwa hiyo uliobaki ukatiwa kwenye chupa ya dawa, ukawekwa kwenye jokofu la mafuta ya taa pamoja na chanjo, wa kunibadilishia.

Mchana wa siku hiyo akaja Bibi Ngolo, mama mkwe. Mrefu, mweusi, bangili mpaka kiwiko, na chungu kidogo kimefunikwa majani. Aliuliza kwa heshima kabisa apewe kondo la wajukuu zake. Akapewa. Alilikagua hapohapo koridoni, mimi namsikia. "Sista, nyama ipo. Nguo zao ziko wapi?" Sista kwa pua: "Nguo gani, mama?" "Nguo walizovaa humo ndani! Nimezalisha wanawake mimi kabla hujavaa hicho kilemba. Mapacha wangu wamekuja na nguo, nguo ziko wapi?" Sista akanyoosha kilemba chake. Halafu Sista Editha, mtawa, miaka yote kwa Mungu, akasema, "Zilichanika, zikatupwa." Akaenda moja kwa moja kanisani, akakaa huko mpaka chai. Na mimi niko kitandani nimevaa nguo zenyewe.

Bibi Ngolo hakuondoka. Mapacha walikuwa wanatakiwa kuongezeka uzito, basi na yeye akaweka makazi kwenye jiko la wauguzaji, nyuma ya wodi. Na sikilizeni mambo: alinionea huruma. Mimi nilikuwa sina mtu wa kunipikia, Mama Zai alikuwa mbali. Basi kila asubuhi anakuja na mabakuli mawili ya uji wa ulezi, moja la Minza, moja langu, ananiamkia kwa kilugha kama mwanawe. "Mwangaluka, ng'wanangu. Kunywa. Mgonjwa hali maneno ya dakitali." Mchana ugali na mlenda, jioni matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, na karanga. Anakaa kwenye kiti changu, miguu yake mirefu karibu na mguu wangu, ananieleza: "Kuna mtu amechukua nguo za wajukuu wangu. Hosipitali hii ina mtu. Nitamjua tu. Aliyechukua hawezi kukaa kwa amani, ukimtazama machoni unaona." Na mimi ninatafuna matobolwa, natazama dari. Sijawahi kula chakula kitamu hivyo nikiwa na woga hivyo. Kila tonge nilidhani ndiyo la mwisho kabla hajajua.

Hapo ndipo nilipofanya ujinga wangu. Ule utando ukikaa siku kadhaa, pembeni unakauka, unabanduka kama ganda la kitunguu. Mfanyausafi alikuwa anakuja kufagia. Nikafikiri, sasa kipande cha kondo la mapacha kifagiliwe, kichanganywe na maganda ya ndizi, kikaliwe na mbwa wa misheni? Mtu wa kwetu hawezi. Basi kila kikibanduka nakiokota, nakitia kwenye kiberiti kitupu, naficha chini ya godoro. Nilidhani nafanya adabu. Daktari ananibadilishia, mwingine unakauka, naokota. Kiberiti kikajaa, nikaanza cha pili. Na kidonda, nasema ukweli, kilikuwa kinageuka. Daktari akifungua anapiga mluzi. "Nyekundu, Kabula! Nyekundu safi! Bado kidogo." Vidole viwili vilivyokuwa viziwi vikaanza kunisikia.

Halafu Doto akaugua. Homa, hanyonyi, analia sauti ya paka. Kulwa mzima, Doto anapungua. Korido nzima ikasikia maneno ya Bibi Ngolo: "Nilisema! Sikusema? Nguo za huyu ndizo zimeshikwa!" Wanaume wawili wa ukoo wakaja kukaa uani, fimbo zao zimelazwa magotini, hawasemi na mtu. Ninawaona dirishani. Mimi nikaanza kuamini. Mchana kutwa nikawa naamini kwamba mguu wangu unanyonya mtoto. Ukiwasha kidogo, nasema huyo, amevuta tena. Niliwaza nibandue wote niurudishe, hata kama ni pamoja na nyama. Niliushika pembeni. Nikavuta kidogo tu, damu ikatoka, mkono ukagoma. Sijui ilikuwa ni huruma kwa nafsi yangu au ni woga wa maumivu, mpaka leo sijui, na hilo sijamwambia mtu mpaka leo ninapolisema hapa.

Siku ya tatu ya homa ile, mfanyausafi akageuza godoro langu, viberiti viwili vikaanguka sakafuni mbele ya miguu mirefu ya Bibi Ngolo, ameshika bakuli langu la uji. Akaweka bakuli chini. Akaokota kimoja, akafungua. Akanusa. Alikuwa mkunga yule, hakuhitaji kuuliza ni nini. Hata mama wa Bugarama akaacha kutafuta mguu wake. Nikavuta shuka nikaufunika mguu. Dirishani wale wanaume walikuwa hatua ishirini tu, na neno moja lilikuwa linatosha. Nililiona linamjia mdomoni. Mdomo ukafunguka.

"Mama, nilitoa mimi!" Minza huyo, amesimama mlangoni, Kulwa mkono huu, Doto mkono huu, kanga imemdondoka. "Nilitoa mimi, nikaficha mimi. Huyu alikataa. Ukiita watu, waje waanze na mimi, na hawa uwashike wewe." Akamnyooshea watoto. Bibi Ngolo hakuwapokea. Akanigeukia mimi, akasema taratibu, "Fungua." Nikafungua bandeji, Sista Editha ameingia mbio, Bibi akamzuia kwa kiganja. Akainama. Akautazama mguu muda mrefu, kama anavyokagua mtoto aliyezaliwa. Akaona pembeni nilipovuta, damu bado mbichi. "Hapa umefanya nini?" Nikasema, "Nilitaka kurudisha." Akaguna. "Sasa nikazike na mguu?" Mtu mmoja akacheka, akajizuia.

Akakaa kwenye kile kiti chake. Akaniuliza, kama mwalimu, "Mapacha wakishazaliwa, mtoto anayewafuata kwetu anaitwa nani?" Nikamjibu, kila mtu kwetu analijua hilo, "Anaitwa Shija." Akasema, "Umetoka na nguo za Kulwa na Doto, ukiwa wa mwisho. Kama nguo zimevaliwa na mdogo wao, hakuna kilichoibiwa, zimebaki nyumbani. Lakini lazima uwe mdogo wao kweli. Ukipona utakuja nyumbani kwa miguu yako, ukalete kila kipande, tukizike na kondo lenyewe. Usipokuja, wale wa nje nitawaambia." Halafu akaliokota bakuli. "Kunywa uji, Shija. Umepoa." Jioni hiyo homa ya Doto ikashuka. Daktari alisema ni sindano za malaria alizokuwa amemchoma siku tatu. Bibi Ngolo alisema ni jina. Mimi sikusoma, nilikunywa uji.

Ngozi ya paja ikachukuliwa, vikawekwa vile viraka, na juu yake utando wa mwisho wa kwenye chupa. Vikashika. Nilikaa hospitali miezi mitano, na nilipotoka nilikuwa na viberiti vinne. Nilitembea kutoka barabara kuu ya Masumbwe mpaka kwao, na fimbo, napumzika kila kichuguu, nimevifunga vile viberiti kiunoni ndani ya nguo. Nikiona mtu njiani nageukia kichakani, maana nikisimamishwa nikapekuliwa pale, Bibi Ngolo yuko mbali na jina langu jipya halijulikani. Nilifika bila kupekuliwa. Bibi alikuwa ameshachimba. Tulivizika watatu, yeye, Minza na mimi, nyuma ya nyumba, hakuna maneno mengi. Akaniambia niukanyage udongo uwe mgumu. "Kwa mguu gani?" Akanitazama. "Unauliza?"

Tangu hapo Minza alinitesa. Nimemzidi miaka minane, lakini nikifika anakaa kwenye kiti, anakunja miguu, "Toto langu, shikamoo iko wapi?" Na mimi nasema shikamoo mama, sauti ya kitoto, mapacha wanagaragara kwa kucheka. Lakini kuna woga mmoja haukuisha. Minza hakuzaa tena. Miaka ikapita, akaenda hospitali, akaenda kwa waganga, wapi. Nikawa nawaza kwamba mlango wa Shija nimekaa mimi, yule wa kweli amekosa pa kupita. Siku moja tunamenya karanga nikamwambia. Nilikuwa nimelibeba miaka kumi. Hakuinua hata kichwa. "Nizae tena wa nini, na wewe unavyokula?" Akanirushia ganda. Basi, ndiyo jibu alilonipa.

Nilifika msibani mchana. Bibi Ngolo alishatangulia zamani, Sista Editha vilevile. Watu wengi, vijana wengi nisiowajua, nguo za sare. Kulwa aliniambia nisikae na wageni, na mimi nikaenda nikakaa na wageni, nyuma kabisa, na wanawake wa Kahama. Woga wa zamani ulinirudia wote. Mmoja akaniuliza, "Bibi, wewe ni nani wa marehemu?" Ningemwambia nini, nifunue mguu? Siku hizi ndiyo nimekuwa bibi kizee mwenye macho mekundu kwelikweli, nianze kueleza habari za kondo mbele ya umati? Nikasema, "Jirani." Mchungaji akasoma kwenye spika: "Marehemu ameacha watoto wawili." Sawasawa na nilivyohesabu.

Tukaenda kaburini. Mchungaji akasema watoto wasogee waweke udongo. Kulwa akasogea, Doto akasogea, wakachota. Hawakutupa. Wamesimama na udongo mkononi. Mchungaji akasubiri, akakohoa, akaitazama karatasi yake. Doto akapiga ile kelele yake ya kuita ng'ombe: "Bado mmoja!" Na Kulwa kwa sauti ndogo ya kwaya, lakini kila mtu aliisikia: "Shija. Shija, njoo."

Watu wakageuka kutafuta kijana. Wale wa Kahama na wao wakageuka kutafuta. Nikainuka mimi, nikavua ndala, nikatanguliza mguu wa kushoto.